Usifagie Shamba la Kokoa: Mwongozo kwa Mkulima wa Bonde la Kilombero

Mkulima wa Ifakara amelelewa na mpunga. Ua la mpunga hufunguka kwa saa chache, likajichavusha lenyewe, kazi ikaisha. Mahindi yanategemea upepo. Muwa hupandwa kwa vipande vya shina, kwa hiyo hata mashamba makubwa yanayolisha viwanda vya sukari kule Kidatu hayangoji ua litunge mbegu. Mtu anaweza kulima katika bonde hili hadi uzeeni, akajaza ghala lake, bila kujiuliza hata mara moja ni nani anayebeba chavua kutoka ua hadi ua.

Kwa kokoa sivyo. Mti huu unaolimwa katika ukanda wa chini ya milima ya Udzungwa, kuanzia Mang'ula hadi Mbingu na kuelekea Mlimba, unahitaji mdudu aingie ndani ya ua lake ndipo utunge tunda. Na mdudu mwenyewe si nyuki. Nalitanguliza hili kwa sababu wakulima wakisikia habari za uchavushaji, swali lao la kwanza huwa ni mizinga itundikwe wapi. Mizinga ni kitu chema na nitaifikia mbele, lakini kokoa haiitegemei. Inamtegemea nzi mdogo mno, wa milimita 1 hadi 3, anayezaliwa ndani ya majani na maganda yanayooza. Shamba linalofagiwa mpaka udongo uonekane linamnyima nzi huyo makazi, na matunda yanapotea kabla hata hayajatunga.

Lichunguze ua kwanza

Nenda shambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utafute mti wenye maua. Ua la kokoa halitoki kwenye ncha za matawi. Linachomoza moja kwa moja kwenye shina na kwenye matawi manene, katika vivimbe vidogo ambavyo huendelea kutoa maua mahali palepale mwaka hadi mwaka. Ni ua jeupe lenye michirizi ya rangi ya zambarau, upana wake sentimita 1 hivi, limening'inia na kuinama. Nekta yake ni kidogo mno kumshawishi nyuki.

Chuma moja ulifungue taratibu kwa ukucha. Katikati utaona kijiti chembamba cha kike. Hapo ndipo chavua inapotakiwa kufika. Kimezungukwa na vijiti vitano virefu vyenye rangi iliyokolea, ambavyo havina chavua, vimesimama kama wigo. Chavua yenyewe imefichwa: stameni, yaani vijiti vinavyobeba chavua, zimejikunja na kuingiza vichwa vyake ndani ya vifuko vya petali. Tena ni chavua inayonata, haipeperuki. Upepo hauwezi kuitoa mle, na nyuki hapenyi. Anayepenya ni nzi wetu, ambaye huingia kwenye kifuko, akatoka na chavua mwilini, kisha akapita katikati ya wigo na kujisugua kwenye kijiti cha kike.

Muda wa kazi hiyo ni mfupi. Ua hufunguka alfajiri, na lisipochavushwa siku hiyo, kesho yake au keshokutwa liko chini. Mti mmoja unaweza kutoa maelfu ya maua kwa mwaka, na kwa kawaida yanayofikia kuwa matunda ni 1 hadi 5 tu katika kila 100. Upotevu huo hauwezi kuondolewa wote, kwa kuwa mti hauna nguvu ya kulea kila ua. Lakini mengi yanaanguka kwa sababu hakuna aliyeyatembelea.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kila punje ndani ya tunda inatokana na chembe moja ya chavua. Tunda lenye punje 30 au 40 lilipata chembe zisizopungua idadi hiyo, na mara nyingi lilizipata kutoka mti mwingine, maana miti mingi ya kokoa huikataa chavua yake yenyewe. Ukipasua tunda na kukuta punje chache zilizotawanyika, usikimbilie kulaumu mbolea. Huenda ua lile lilipata chavua haba.

Anakozaliwa nzi wa kokoa

Wanasayansi humweka katika jenasi ya Forcipomyia. Ni jamaa wa mbali wa mbu, na hapa Ifakara jambo hilo linahitaji kusemwa kwa uangalifu. Tangu mwaka 1957, Rudolf Geigy kutoka Uswisi alipoanzisha maabara ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, mji huu umekuwa mahali ambapo dunia inajifunza namna ya kumshinda mbu. Familia nyingi hapa zimezika mtoto kwa malaria. Mtu akikwambia uache uozo shambani ili nzi wanaofanana na mbu wazaliane, una haki ya kumuuliza maswali makali.

Majibu yapo. Malaria huenezwa na mbu wa jamii ya Anopheles peke yake, na mbu huyo huzaliana majini: madimbwi, kingo za vijito, majaruba. Nzi wa kokoa hazaliani kwenye madimbwi. Lava wake huishi katika majani yaliyolowa, maganda ya kokoa na mashina ya migomba yaliyolainika. Wala si yule usubi wa upande wa Mahenge, ng'ambo ya mto, ambaye amewasumbua watu wa Ulanga kwa upofu na kuwashwa ngozi. Yule huzaliana kwenye mito ya maji yanayokwenda kasi. Malaria na ugonjwa huo wa Ulanga havitokani na rundo la majani chini ya mkokoa.

Kutoka yai hadi nzi kamili huchukua takriban wiki 4. Akishapata mabawa anaishi siku chache, hafiki mbali, na jua kali linamuua. Mambo hayo yakae kichwani, kwa sababu ndiyo yanayoamua kila utakachofanya shambani: makazi yawe karibu na miti, yawe na unyevu, na yaandaliwe mapema kabla maua hayajawa mengi.

Hapo kiangazi ndicho chenye madhara. Kuanzia Juni hadi Oktoba majani yaliyoanguka yanakauka mpaka yanavunjika mguuni, na lava wanakufa ndani yake. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, miti inachanua kwa wingi ilhali nzi bado ni wachache. Mkulima anaona mti umejaa maua anafurahi, wiki mbili baadaye maua yote yako chini.

Cha kuacha na cha kuongeza

Tumefundishwa kwamba shamba safi ndilo shamba la mtu mwenye bidii. Kwa mpunga ni kweli, magugu yatakumaliza. Kwa kokoa, majani yaliyoanguka ni sehemu ya shamba. Palilia magugu mti ukiwa bado mchanga. Miti ikishafunga kivuli, magugu yanapungua yenyewe na ufagio hauna kazi tena. Naijua aibu ya kuambiwa na majirani kwamba shamba lako limegeuka pori. Ivumilie. Acha majani yalale, yarundikane, yalowe, yaoze. Yanalinda unyevu wa udongo pia, na yanarudisha rutuba ambayo ungeinunua dukani.

Moto ndio adui mkubwa kuliko wote. Mtu akichoma mabua au pori mwezi wa tisa, moto ukapita chini ya mikokoa, miti mikubwa inaweza kusalimika lakini makazi ya nzi yote yamekwisha, na itachukua muda mrefu kuyajenga upya. Lima mkanda wa kuzuia moto upande unaopakana na mashamba ya mpunga au miwa, na uufanye kabla ya Julai, nyasi zikiwa bado hazijakauka kabisa.

Sasa maganda. Kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza kazi Mbingu mwaka 2013, hununua mbegu mbichi na kuzichachusha yenyewe. Maana yake mkulima anapasua matunda na kubaki na maganda yote. Wengi huketi mahali pamoja, wakapasua, wakaacha mlima wa maganda pembeni mwa shamba. Mlima huo unawafaa nzi, lakini wanazaliwa mbali na miti mingi, na nimeshasema kwamba hawafiki mbali. Yasambaze. Kwa kuanzia weka rundo dogo la kiwango cha ndoo mbili au tatu kila baada ya miti minne au mitano, kwenye kivuli, hatua moja au mbili kutoka shina. Usilundike maganda yakagusa gome.

Yapo masharti mawili ambayo hayana mjadala. La kwanza, usiache nusu ya ganda ikiwa imetazama juu. Mvua ikinyesha linashika maji, na maji kidogo kama hayo yanamtosha Aedes, mbu anayeeneza homa ya dengi, ile iliyowalaza watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Ukimaliza kupasua, yakatekate kwa panga au uyafudikize. Ni kazi ya dakika chache na watoto wanaiweza. La pili, ganda lenye ugonjwa lisiingie kwenye rundo. Tunda lenye doa la kahawia au jeusi linalotanda na kunyong'onyea limebeba ukungu utakaorukia matunda mengine kila tone la mvua litakapodunda. Liondoe, ulifukie nje ya shamba.

Mgomba ndio msaada mkubwa zaidi, na bahati nzuri wengi tunao tayari humo shambani kama kivuli cha miche. Mapema katika miaka ya 1980, mtafiti Allen Young alijaribu huko Costa Rica kutandaza vipande vya shina la mgomba chini ya mikokoa, na nzi wakaongezeka. Hakuna ufundi mgumu. Ukishakata mkungu, usiliache shina likiwa limesimama bila kazi. Likate vipande vya duara vyenye unene wa vidole vinne, uvitandaze kwenye kivuli juu ya majani. Shina la mgomba limejaa maji, kwa hiyo hubaki na unyevu hata wiki ambazo mvua haionekani. Kipande kikikauka na kuwa nyuzi tupu, ongeza kingine juu yake.

Tahadhari moja: fukusi wa migomba huvutwa na harufu ya shina lililokatwa karibuni. Vipande visikae kwenye kitako cha mgomba ulio hai. Vipeleke katikati ya mistari ya kokoa.

Kwa kuwa nzi anahitaji takriban mwezi kukamilika, usingoje maua. Mwishoni mwa Septemba anza kukata mashina na kuyaweka sehemu ya shamba iliyo chini kabisa na yenye kivuli kizito. Kama una kisima au kijito jirani, yamwagie maji mara moja moja. Hao watakaosalia humo ndio watakaoanzisha ukoo mvua zikianza.

Kivuli chenyewe kisiwe cha kubahatisha. Mikangazi na mivule iliyobaki mashambani isikatwe kwa sababu ya mbao za msimu mmoja. Hata hivyo kivuli kikizidi mpaka hewa haipiti, ukungu wa matunda utashamiri. Pogoa maotea na matawi yanayokumbatiana, mwanga udondoke chini kwa madoa madoa.

Kuhusu dawa nasema wazi: kupuliza shamba zima la kokoa kwa ratiba, kunguni wanaonyonya matunda wawepo wasiwepo, ni kujihujumu. Dawa inayoua kunguni inaua na nzi. Kagua kwanza. Ukiona kunguni au madoa ya kunyonywa kwenye matunda, puliza miti hiyo tu, na usielekeze bomba ardhini kwenye majani. Epuka asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa nzi wako kazini.

Na wakati wa kuvuna, tumia kisu kikali au mkasi. Ukilinyonga tunda kwa mkono unang'oa kivimbe kilicholishika, na kivimbe kikishang'oka hapo hapatatoka ua tena. Nimeona mashina yaliyojaa makovu ya namna hii, miti mizuri iliyoharibiwa na mikono yenye haraka.

Pima mwenyewe

Usiniamini kwa maneno. Chagua miti mitano iliyotawanyika shambani, ufunge kamba mbili kwenye kila shina, ya chini na ya juu, umbali wa mita 1 kati yake. Asubuhi moja hesabu maua yaliyofunguka katikati ya kamba hizo, uandike kwenye daftari. Rudi baada ya siku tatu. Lililochavushwa limeng'ang'ania, na kikonyo chake kimeanza kunenepa. Fanya hivyo kila mwezi wenye maua, na utajua kama shamba linapanda au linashuka.

Kisha fanya kipimo cha mkono. Chuma ua lililofunguka asubuhi hiyo kutoka mti mwingine, si ule unaotaka kuuchavusha. Bandua petali zake ili stameni zitokeze. Kwenye ua unalotaka litunge, vunja kijiti kimoja au viwili vya wigo upate nafasi, kisha sugua stameni taratibu kwenye kijiti cha kike mpaka uone vumbi jeupe limeshika. Fanya kabla ya saa tano asubuhi. Chavusha maua kumi kwa kila mti, uyawekee alama ya uzi, na uyalinganishe na kumi ya jirani yake ambayo hukuyagusa.

Yakishika mengi kati ya uliyoyagusa na yakaanguka karibu yote usiyoyagusa, umepata jibu: nzi hawatoshi, ongeza maganda na migomba. Huko Sulawesi, Indonesia, watafiti walionyesha mwaka 2020 kwamba kuchavusha kwa mkono kuliongeza mavuno kuliko mbolea na dawa. Mwenye miti michache na watoto wengi likizoni anaweza kuifanya kazi hiyo kweli, si kwa kipimo tu. Lakini mti uliolazimishwa kubeba matunda mengi unadai chakula. Usipoulisha, vitunda vya urefu wa kidole vitanyauka, viwe vyeusi na kubaki vimekauka kwenye shina. Kunyauka huko si kosa la nzi, ni mti unaopunguza mzigo.

Na ikiwa hata maua uliyoyachavusha kwa mkono yameanguka, tatizo liko kwingine: maji, rutuba, ugonjwa, au miti yako yote ni ya ukoo mmoja usiopokeana chavua. Hapo mwite afisa ugani ukiwa na daftari lako mkononi, si kwa kukumbuka tu.

Mizinga sasa

Kama una maboga, matikiti au alizeti, hapo nyuki ndiye bwana shamba. Boga lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali. La kike utalijua kwa kiboga kidogo kilicho nyuma yake. Yanafunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Kiboga kikigeuka njano na kudondoka kikiwa na ukubwa wa limau, mara nyingi nyuki hakufika. Chuma ua la kiume, libandue petali, liguse la kike katikati, na siku hiyo hiyo umelichavusha. Ufuta hujichavusha kwa sehemu kubwa, ila nyuki huongeza. Pasheni ya njano hufungua maua mchana na inamhitaji yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao. Mwachie gogo kavu au nguzo ya zamani karibu na shamba, usimzibe matundu yake. 

Wakulima wa Mang'ula wanaopakana na Hifadhi ya Udzungwa wana faida maradufu. Mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, mbinu ambayo Lucy King aliifanyia utafiti nchini Kenya, humrudisha tembo anayeogopa kuumwa, na nyuki hao hao wanachavusha mboga zilizo ndani ya uzio. Weka mzinga kivulini, mlango wake usielekee njia ya watu, na maji yawe karibu wakati wa kiangazi.

Kabla hujapuliza dawa kwenye mpunga au mboga, mtumie ujumbe mwenye mizinga aliye jirani yako siku moja kabla, umwambie saa utakayoanza. Puliza jioni, nyuki wakiwa wamerudi ndani. Mwombe naye akufanyie hivyo hivyo, na kama mna kikundi cha kijiji, kubalianeni siku ambazo hakuna anayepuliza wakati alizeti na matikiti yamechanua.